Taa ya Buluu na Rangi za Matumbawe: Inachoonyesha na Inachoficha

Matumbawe si mageni kwetu sisi watu wa pwani. Kuta za nyumba kongwe za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa zimejengwa kwa mawe yake, na chokaa iliyozishikanisha ilichomwa kutokana na mawe hayo hayo. Akina mama waliowahi kushuka mwambani wakati wa bamvua, maji yakitoka, fimbo mkononi wakitafuta pweza, wameyaona pia yakiwa hai. Ukimwuliza mmoja wao matumbawe yana rangi gani, atakujibu pasina kufikiri: kahawia, kijivu, na hapa na pale kijani kilichofifia au waridi.

Sasa mchukue mtu aliyelelewa na bahari hiyo, umwingize katika sebule ya nyumba moja huko Uingereza, usiku wa baridi. Ndivyo yalivyotupata tulipokwenda kumzuru binti wa dada yetu kwa akika ya mwanawe wa pili. Taa za sebuleni zilikuwa zimezimwa. Pembeni palikuwa na tangi la kioo la lita 200 hivi, limejaa maji ya chumvi, na juu yake taa ya buluu iliyokoza. Ndani, matumbawe yalikuwa yaking'ara kijani, machungwa na nyekundu, mfano wa makaa yanayopulizwa gizani. Twakiri kwamba wazo la kwanza lililotujia ni kuwa yamepakwa rangi.

"Mwanangu," tukamwuliza, "vitu hivi vi hai kweli?"

"Vi hai, mjomba. Ni matumbawe kama ya kwetu. Ngoja nikuonyeshe."

Akagusa simu yake, na taa ikageuka nyeupe. Nusu ya zile rangi zikatoweka papo hapo. Tumbawe moja lenye vichwa vitatu na minyiri mirefu iliyokuwa ikicheza majini, ambalo dakika moja nyuma lilikuwa kijani cha kuumiza macho, sasa lilikuwa kahawia kama chai ya rangi iliyolala. Binti yetu akasema kwa masikitiko kwamba hilo ndilo alilolinunua ghali kuliko yote. Dukani alilionyeshwa chini ya taa ya buluu tupu. Alipofika nyumbani akaliweka chini ya nuru nyeupe, na furaha yake ikaishia hapo.

"Mjomba, wewe ni mtu wa elimu," akatuambia. "Je, nimedanganywa?"

Hatukuwa na jibu. Tulichokuwa nacho ni maneno mepesi, na laiti tungeyameza. Tulisema kwa mzaha: "Kwetu jua halikosi. Huenda tumbawe lako lina kiu ya jua tu." Tukacheka, tukanywa chai, na siku ya pili tukasafiri. Tutarudi kwenye maneno hayo, kwani yalikuwa na gharama.

Maji ni chujio la rangi

Baada ya kurejea nyumbani tulianza kusoma na kuwauliza wajuao. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Nuru ya jua tuionayo kuwa nyeupe ni mkusanyiko wa rangi zote za upinde wa mvua. Ikiingia baharini, maji huzimeza rangi hizo moja baada ya nyingine. Nyekundu hutangulia; sehemu yake kubwa huishia katika mita 10 za kwanza. Hufuata machungwa, kisha manjano. Katika maji maangavu ya bahari kuu, buluu ndiyo isafiriyo mbali zaidi, na huweza kuvuka kina cha mita 100. Ndiyo maana mpiga mbizi akijikata kidole akiwa mita 20 chini, huiona damu yake kuwa nyeusi yenye ukijani. Damu haikubadilika. Ni nuru ya kuudhihirisha wekundu wake ambayo haikufika huko.

Kwa hiyo tumbawe liishilo kwenye kina hicho ni kiumbe kilichozoea ulimwengu wa buluu. Mfugaji atundikaye taa ya buluu juu ya tangi lake haleti jambo geni, bali anaiga kilindi. Wataalamu huzipima rangi za nuru kwa nanomita: macho yetu huona kuanzia karibu 400, ambayo ni urujuani, hadi karibu 700, ambayo ni nyekundu. Taa nyingi za LED zitengenezwazo kwa ajili ya matumbawe hukusanya nguvu zake baina ya nanomita 400 na 470, yaani kwenye urujuani na buluu.

Rangi tatu katika mwili mmoja

Tumbawe, ijapokuwa hufanana na jiwe au mmea, ni mkusanyiko wa wanyama wadogo waitwao polipi, kila mmoja na kinywa chake na minyiri yake. Rangi zake hutoka katika vyanzo vitatu, na asiyevitenganisha hataelewa kwa nini taa hubadilisha kila kitu.

Cha kwanza ni ule ukahawia. Huo si wa mnyama mwenyewe. Ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo mno usioonekana kwa macho. Katika sentimita moja ya mraba idadi yake huweza kupita milioni moja. Mwani huu hutumia nuru kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpa mwenyeji wake. Inakadiriwa kuwa katika baadhi ya matumbawe mchango huo hufikia hadi asilimia 90 ya nguvu anayoihitaji. Mwani una rangi ya dhahabu iliyoelekea kahawia, na ndio uyapayo matumbawe yetu sura ile tuijuayo mwambani.

Cha pili ni protini zing'aazo, ambazo hutengenezwa na tumbawe lenyewe. Hizi hupokea nuru ya rangi moja na kuitoa kwa rangi nyingine: huimeza buluu na kutoa kijani, au machungwa, au nyekundu. Protini ya kwanza ya aina hii haikugunduliwa katika tumbawe bali katika kiwavi cha baharini, yule kiumbe laini awashaye, naye Osamu Shimomura akaieleza mwaka 1962. Mwaka 1999 wanasayansi wa Moscow wakatangaza protini kama hizo kutoka kwa viumbe wa jamaa ya matumbawe, ikiwemo nyekundu. Leo maabara za tiba duniani huzitumia kama taa ndogo za kufuatilia chembe hai, zikiwemo za saratani, na mwaka 2008 Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien walitunukiwa Nobel ya Kemia kwa kazi hiyo.

Cha tatu ni protini zenye rangi lakini zisizong'aa. Hizi humeza sehemu ya nuru na kurudisha iliyobaki, kama ifanyavyo nguo iliyotiwa rangi. Waridi la matumbawe ya jamii ya Pocillopora, ambayo yapo hata katika pwani yetu, na buluu na zambarau za baadhi ya Acropora hutokana nazo.

Mshumaa wa mchana na mshumaa wa usiku

Sasa tuiwashe taa ya buluu. Ukahawia wa mwani hufifia kwa sababu hakuna nuru ya manjano wala nyekundu ya kuudhihirisha. Protini zing'aazo, kinyume chake, hupata hasa kile zinachokitaka, na kijani chao hutoka kikiwa peke yake bila mshindani. Isitoshe, jicho la mwanadamu huiona buluu iliyokoza kwa udhaifu, lakini kwa kijani ni kali mno. Hivyo taa yenyewe huonekana hafifu, na tumbawe huonekana kama linawaka kutoka ndani.

Iwashe nyeupe, na mng'ao ule ule ungalipo. Haukuzimwa. Umefunikwa tu na wingi wa nuru nyingine, mithili ya mshumaa uliowashwa uani saa sita za mchana. Wapiga mbizi washukao usiku na tochi ya buluu, wakivaa miwani yenye kioo cha manjano, huiona miamba iliyokuwa kahawia mchana iking'ara kijani na nyekundu. Kwa hiyo binti yetu alikuwa sahihi kuliko tulivyodhani aliposema ni matumbawe kama ya kwetu.

Lakini taa ya buluu ina upande wa kuficha. Lile kundi la tatu, la rangi zisizong'aa, hudhulumika chini yake. Tumbawe la waridi likipewa buluu tupu huonekana jeusi jeusi, kwani hakuna wekundu wa kurudisha. Mfugaji aliyezoea buluu anaweza kukaa mwaka mzima na tumbawe zuri la waridi asijue kuwa analo. Vile vile buluu tupu huficha maradhi: sehemu iliyopauka, nyama iliyoanza kuchunika, au mwani mbaya unaoota pembeni, vyote huonekana vyema kwenye nuru nyeupe.

Buluu si pambo tu

Ingekuwa taa hii ni mapambo matupu, tusingeupoteza wakati wako, msomaji. Mwani ulio ndani ya tumbawe hupokea vizuri nuru ya buluu, na kwa hiyo taa yenye buluu nyingi hulilisha tumbawe barabara. Zaidi ya hayo, mwaka 2008 watafiti, akiwemo Jörg Wiedenmann wa Chuo Kikuu cha Southampton, walionyesha kwamba katika matumbawe kadhaa nuru ya buluu hasa ndiyo iliamshayo tumbawe kutengeneza zaidi protini zake za rangi. Yaani buluu huionyesha rangi, na kwa muda wa wiki na miezi huiongeza.

Kwa nini tumbawe lijitie gharama hiyo? Katika maji mafupi, ambako jua ni kali, rangi hizi hufanya kazi ya kivuli: hupunguza nuru iliyozidi kabla haijaufikia mwani. Katika kilindi, baadhi ya zile nyekundu hugeuza buluu kuwa machungwa na wekundu unaopenya ndani zaidi ya nyama, ukaufikia mwani uliojificha. Kiumbe asiye na macho amejaaliwa mwavuli na taa kwa pamoja, naye huvitumia kwa mujibu wa mahali alipo. Subhanallah.

Gharama ya maneno mepesi

Tulikuwa tungali katika kusoma haya pale simu ilipolia. Binti wa dada yetu alikuwa akilia.

Alikuwa ameyashika maneno yetu ya jua. Usiku ule ule tuliposafiri aliipandisha taa, nyeupe na buluu, hadi kiwango chake cha mwisho, akaiacha saa 12 kwa siku. Siku ya tatu minyiri ya lile tumbawe ilijikunyata. Siku ya sita alifurahi, maana ukahawia ulikuwa umepungua na kijani kimekolea hata kwenye nuru nyeupe, akadhani dawa imefanya kazi. Siku ya kumi vichwa vyote vitatu vilikuwa vimepauka, na mfupa mweupe ukionekana chini ya nyama iliyokuwa kama kioo.

Yaliyotokea yanajulikana. Mwani ukipewa nuru kupita uwezo wake huzalisha kemikali za sumu. Tumbawe, likijihami, huutoa mwani huo nje. Nyama iliyobaki ni angavu, mfupa mweupe huonekana, na lile kasha la chakula limeondoka. Huko ndiko kupauka, na mwambani husababishwa zaidi na joto la maji. Pwani yetu iliyaona mwaka 1998, bahari ilipopata joto lisilo la kawaida na sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya ikafa, pamoja na yaliyokuwa ndani ya hifadhi za Malindi na Watamu zilizotengwa tangu 1968. Mwaka 2016 yakapauka tena.

Na ile furaha ya siku ya sita ina maelezo yake. Mwaka 2020 watafiti wa Southampton na wenzao walieleza kwamba mwani unapopungua, nuru nyingi zaidi hudunda kwenye mfupa mweupe, na buluu iliyo ndani yake huliamsha tumbawe kutoa rangi kwa wingi. Rangi hizo huenda zikalikinga na kuusaidia mwani kurudi, ikiwa dhiki haikuwa kubwa. Lakini maana yake kwa mtazamaji ni nzito: tumbawe huweza kupendeza mno katika siku ambazo liko mashakani. Binti yetu aliliona likipendeza, kumbe lilikuwa likiomba msaada.

Tulimwambia tuliyokuwa tumeyasoma, na tukamwomba msamaha. Mtu akiulizwa asilolijua, kusema "sijui" ni nusu ya elimu. Sisi tulifundishwa hilo tukiwa watoto madrasani, na bado ulimi ukatutangulia.

Je, alidanganywa?

Swali lake la kwanza lilistahili jibu. Rangi aliyoiona dukani ilikuwa ya kweli. Haikupakwa, na bado ilikuwamo ndani ya tumbawe lile. Kwa hiyo hatuwezi kusema aliuziwa kisichokuwepo. Lakini mafunzo ya biashara katika dini yetu hayaishii kwenye kutosema uongo. Muuzaji anatakiwa asimfiche mnunuzi jambo ambalo lau angelilijua lingebadili uamuzi wake au bei yake. Kuwasha taa nyeupe ni kazi ya sekunde moja. Mwuzaji aiwashaye mwenyewe amejitoa katika lawama, na asiyetaka kuiwasha hata akiombwa amekwisha kujibu swali kabla hujamwuliza. Na mnunuzi naye ana wajibu wa kuomba. Kila bibi aendaye kununua kitambaa Mombasa hukitoa mlangoni akakitazama kwenye jua. Busara hiyo hiyo na itumike hapa.

Picha za simu zataka hadhari zaidi. Kamera hulemewa na buluu kali na kuzikuza rangi kupita kiasi, na wapo wanaoongeza chumvi kwa programu za kuhariri. Anayetaka kupiga picha ya haki huweka kichujio cha manjano au machungwa mbele ya lenzi.

Kwa wenye nia ya kufuga

Tunajua wengi wetu hapa hatuna tangi la namna hii, lakini jamaa zetu wako Ughaibuni na huko ufugaji huu umeenea. Kwao twaongeza machache.

Kwanza, nuru ipandishwe taratibu. Tumbawe jipya lianzishwe kwenye nusu ya nguvu au chini yake, kisha iongezwe kidogo kidogo kwa wiki tatu au nne. Saa 8 hadi 10 kwa siku zatosha. Kuna kifaa cha kupima nuru ya mimea, kwa kipimo kiitwacho PAR: matumbawe laini hutosheka na 50 hadi 150, ilhali Acropora hutaka 200 hadi 350. Macho hayawezi kupima hilo, hasa chini ya buluu.

Pili, tumbawe likigeuka kahawia iliyokoza, usikimbilie taa. Aghalabu nitrati na fosfati zimezidi majini na mwani umeongezeka, au nuru ni ndogo. Pima maji kwanza. Chumvi iwe karibu gramu 35 kwa lita, na joto nyuzi 25 au 26.

Tatu, changanya nuru. Iache buluu itawale jioni kwa ajili ya kutazama, lakini nyeupe iwepo kwa saa chache kila siku ili uone hali halisi ya viumbe wako. Na tangi lisiwe chumba cha kulala watoto, kwa sababu nuru ya buluu usiku huchelewesha usingizi.

Nne, na hili ni la akina mama wenye watoto: yale matumbawe madogo mithili ya maua, ya jamii ya Zoanthus na Palythoa, ambayo hupendwa sana chini ya buluu, baadhi yake yana sumu kali mno. Yasishikwe bila glavu, na jiwe lililoota juu yake kamwe lisichemshwe wala kumwagiwa maji ya moto, kwani mvuke wake umewahi kuwapeleka watu hospitali.

Tano, nunua vipande vilivyooteshwa katika matangi, visivyotolewa baharini. Matumbawe yote ya mawe yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa CITES, na biashara yake kuvuka mipaka huhitaji hati.

Ukahawia umerudi

Binti yetu aliishusha taa hadi robo, akaacha kuligusa tumbawe, akalilisha kidogo kidogo kwa mkono. Kichwa kimoja kilikufa. Viwili vikabaki vyeupe kwa wiki nyingi, na kila simu tuliyopiga tuliogopa kuuliza.

Mwezi uliopita alitutumia picha, iliyopigwa kwenye nuru nyeupe. Minyiri ilikuwa mifupi bado, lakini ilikuwa imetoka nje, na rangi yake ilikuwa ile ile ya chai iliyolala, ambayo siku ya kwanza ilimtia huzuni. Chini yake ameandika: "Mjomba, ukahawia umerudi. Alhamdulillah."

Hatukumjibu kwa maneno mengi safari hii. Tulimwambia tu aiache taa pale ilipo.